Firigisi Niliyompa Dereva

Kuku wangu ni tisa, wote majike. Jogoo alikuwepo, lakini watu wa ghorofa lililoota nyuma ya ua wetu waliandika barua kwamba anawaamsha, basi nikamchinja. Barua ilikuwa ya Kiingereza, nilisomewa na jirani. Mimi shule niliachia darasa la tatu. Kiswahili naandika, polepole, herufi kubwa kubwa, kwa hivyo nikipotea njia mnivumilie, nitarudi.

Wateja wangu hapa mtaani Jamhuri wananiita Mama Mayai. Wale wa nyumba mpya huniuliza mayai yanapatikanaje bila jogoo. Nawaambia yai la kula halihitaji baba, la kuangua ndilo linahitaji. Wanacheka, wanachukua mayai yao, wanaenda. Siku nyingi mazungumzo yangu huishia hapo. Zamani nilikuwa nalalamika kwamba hii nyumba ina kelele, watu watano na vyumba viwili vya kulala, redio ya huyu na kikohozi cha yule. Sasa nikidondosha kijiko jikoni nakisikia mpaka kinapotulia.

Kutunza nyumba kwa kidogo nilijifunza hapa hapa Nairobi, si nyumbani. Nyumbani, upande wa Vihiga, hukuwa unabana kitu, ulikuwa huna tu. Hapa ndipo unapokuwa nacho kidogo, na inabidi kifike mwisho wa mwezi. Vipande vya sabuni nilivitia kwenye soksi iliyopotelewa na mwenzake, nikaifunga fundo, ikawa ya kuoshea sufuria. Maji ya kusuuza nguo yalipiga deki, yakishapiga deki yakaenda chooni. Ukoko wa ugali ulilowekwa usiku kucha ukachanganywa na pumba. Maganda ya mayai nayakausha juu ya jiko, nayasaga kwa chupa, nawarudishia kuku wenyewe ili ganda la kesho liwe gumu. Lakini lazima yawe unga kabisa. Ukiwatupia maganda mazima kuku anajua hiki ni kitu gani, kesho anadonoa yai lake mwenyewe, na akishalijua hilo humfundishi kuacha. Nimechinja wawili kwa kosa hilo, na kosa lilikuwa langu.

Kitu ambacho watoto wangu hawakukiamini ni kwamba nilichunga kuku tangu utotoni na yai sikulionja mpaka nilipokuwa mke wa mtu. Kwetu zamani msichana hakula yai, wala kuku. Tuliambiwa ukila utakuwa wa kutangatanga, hutakaa kwa mume. Bibi yangu alikufa mzee kabisa bila kujua kuku ana ladha gani, na alikuwa anapika kuku wa kunukia mpaka barabarani. Mimi nilianza nikiwa na mimba ya kwanza. Nesi wa kliniki aliniambia damu yangu ni kidogo, nile mayai. Nikachemsha moja, nikafunga mlango, nikalila nimesimama nikiangalia ukuta. Mzee wangu alipojua alicheka sana. Alisema tuko Nairobi, kula. Basi nikala mayai, baadaye nikala kuku, kwanza bawa, halafu paja, mwiko ukaisha kipande kwa kipande. Ulibaki mmoja tu, firigisi.

Firigisi, sisi tunaiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Unaweza kukosea chumvi, unaweza kuunguza mchuzi, utasamehewa. Lakini firigisi isipoonekana kwenye sahani ya mwanaume, hapo umeita kikao cha wazee. Mgeni mwanaume wa heshima akija, mwenye nyumba anaweza kumwachia. Mwanamke hapewi. Na wala hujiulizi kwa nini hupewi, kama vile hujiulizi kwa nini hulali mlangoni. Miaka zaidi ya arobaini nilimwekea mzee wangu. Aliila mwisho, baada ya kila kitu, akiitafuna taratibu kama mtu anayefikiria jambo la kazini. Alikuwa dereva wa ofisi ya serikali. Nyumba hii aliinunua kwa kukatwa mshahara hadi akastaafu.

Alipokufa, watu walijaa wiki mbili, halafu wakaisha. Kuku wa kwanza niliyempika nikiwa peke yangu nilimaliza kumpakua, nikakuta firigisi iko mkononi mwangu na hakuna sahani ya kuiweka. Nikaifunika. Kesho yake nikaitupa. Mimi, mtu wa kuokota punje za mchele mezani, nikatupa nyama. Tangu siku hiyo, mwanaume yeyote aliyeingia akakuta kuku alipewa yeye. Mchungaji alipewa. Fundi wa mabomba alipewa. Kulikuwa na mtu wa serikali wa kuhesabu watu, alikuja na fomu yake saa ya chakula, akapewa pia.

Wavulana wangu wawili wako mbali, mmoja Arabuni, mmoja Eldoret na familia yake. Hapa Nairobi nina kitinda mimba wangu, msichana. Nasema msichana, ana miaka arobaini na tatu. Anafanya kazi ofisini mjini, anakaa Kilimani, ghorofa ya sita. Hajaolewa. Baba yake alipougua ni yeye aliyelala hospitalini kwenye kiti. Paa lilipovuja ni yeye aliyeleta mafundi. Banda la kuku alilichora mwenyewe kwenye karatasi, viota hapa, kijiti cha kulalia hapa, akasimama kwenye jua na viatu vyake vya ofisi mpaka likaisha. Kila mwezi analeta gunia la chakula cha kuku. Na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi alikuwa anakuja kula kwangu. Hiyo Jumapili moja ndiyo nilikuwa naishi nayo. Wiki mbili za kwanza naikumbuka iliyopita, wiki mbili za pili naisubiri inayokuja.

Basi ikaja Jumapili moja ya mvua. Nilikuwa nimechinja. Siku zote nilimchinjia, firigisi ikibaki sufuriani. Akafika na teksi, hizi za kuitwa kwa simu, akaniambia amemwomba dereva amsubiri nje kwa sababu saa nane ana kikao cha kazi. Nikamuuliza kikao gani cha Jumapili, akasema Mama, wazungu hawana Jumapili. Sawa. Lakini mimi siwezi kula na mtu amekaa kwenye gari langoni kwangu na mvua inanyesha. Nikatoka na mwavuli, nikagonga kioo. Dereva alikuwa mtu mzima kidogo, mpole, Mkamba kwa kusikia lafudhi. Alikataa mara mbili, ya tatu akaingia. Akanawa mikono, akaketi kwenye kiti cha pembeni, akatoa funguo za gari mfukoni akaziweka mezani.

Sauti ile. Mzee wangu aliweka funguo mezani hivyo hivyo jioni zote za maisha yake. Nilikuwa jikoni napakua, nikaisikia, na mkono wangu ukafanya kile ulichozoea. Nikachukua firigisi nikaiweka kwenye sahani ya dereva, juu kabisa, ionekane.

Binti yangu aliiona kabla sijaiweka sahani mezani. Dereva akashukuru, akaiuma mara tatu huku akiangalia simu yake, ikaisha. Aliimeza kama karanga. Akasema chakula ni kitamu sana, Mama, akaendelea na ugali. Binti yangu alikuwa bado hajagusa chake.

"Mama," akasema, kwa sauti ya chini, "tangu Baba afe, mwanaume wa hii nyumba ni nani?"

Mimi nikacheka. Hilo ndilo ninalolijutia, kicheko. Nilidhani ni utani, maana tangu utotoni alikuwa mtu wa utani.

"Wewe ni mgeni tu hapa," nikamwambia. "Siku moja utaenda kwenu."

"Kwetu ni wapi?"

Dereva akaacha kutafuna. Mimi nikamwongezea dereva mchuzi. Kwetu msichana analelewa akiambiwa kwao ni kule atakakoolewa, na hata bila kuambiwa anaambiwa kwa mambo madogo madogo, hapewi kipande cha shamba, hapewi mahali pa kujenga. Mimi niliambiwa nikaona sawa, kwa sababu niliolewa nikapata hapa. Sikuwa nimefikiria yule ambaye hakuolewa anabaki wapi. Binti yangu alingoja kidogo. Halafu akainuka, akanawa mikono ambayo hata haikuwa michafu, akamwambia dereva kaka, twende. Dereva wa watu akaniangalia kama mtu aliyevunja chombo cha mwenyewe. Akasema pole, Mama. Hakujua pole ya nini.

Jumapili iliyofuata ya mwisho wa mwezi hakuja. Alisema kazi. Iliyofuata pia kazi. Gunia la chakula cha kuku lilikuja kama kawaida, lakini lililetwa na mtu wa bodaboda, akalitua langoni, nikamuuliza kama kuna ujumbe, akasema hakuna, Mama, ni gunia tu. Nikimpigia simu anapokea. Hilo lazima niseme, hajawahi kukataa simu yangu. Anauliza mgongo, anauliza kama nimekunywa dawa, anasema niko poa Mama, niko kazini, na mimi nabaki nimeshika simu sikioni baada ya kukatika, kama mjinga.

Mayai yake nilikuwa namtengea. Nilikuwa nachagua yale ya kahawia iliyokolea, maana tangu mdogo aliyapenda hayo, ingawa ndani ni yale yale. Yakajaa trei, yakajaa ya pili. Yai halikai milele, ikabidi nianze kuyauza na kutenga mengine. Mwezi huo wa pili kuku mmoja aliacha kutaga, nikakaa naye bandani nikamwambia habari yote, kuanzia kwenye mvua. Kuku anasikiliza vizuri lakini ukisimama tu anaenda zake.

Mwishowe nikamwambia jirani, yule aliyenisomea barua. Ni mama wa Machakos, mjane kama mimi, mdomo wake hauna pazia. Nilidhani atanihurumia.

"Yaani ulimpa dereva," akasema. "Hata nyota alizopewa na abiria wake kwenye simu hukuziona kwanza."

"Alikuwa mwanaume."

"Hata yule paka wako ni mwanaume. Si ungempa."

Nikanuna. Yeye akaendelea kuchambua mboga zangu kana kwamba ni zake, halafu akaniambia niache kukaa na kuku, nipike, nipeleke kwa miguu yangu mwenyewe.

Nikapika. Nilichinja yule aliyeacha kutaga, nikampika kwa mchuzi wa nyanya bila haraka, nikamtia kwenye hotpoti, firigisi nikaiweka juu ya vipande vyote. Nilikuwa na hotuba yangu kichwani. Kilimani si mbali na Jamhuri lakini kwangu ilikuwa safari. Soja wa geti akaniuliza, shosho, unaenda nyumba gani, nikamwambia ya sita, ya binti yangu. Akapiga simu juu. Kungojea soja aulize kama mtoto wako anakutaka, hilo sikuwahi kufikiria nitalifanya. Akasema panda. Lifti siiamini, nikapanda ngazi, nikipumzika kila ghorofa hotpoti ikiwa mapajani.

Alifungua mlango, akanipokea mzigo, akanikalisha. Alikuwa amekonda. Akaenda kwenye friji kunitolea maji, na mlango wa friji ulipofunguka nikaona mayai. Trei ndogo ya plastiki, ya supamaketi, mayai meupe kila moja na muhuri wake mwekundu. Mtoto wangu ananunua mayai. Nyumbani nina trei mbili na sina wa kula. Nikaangalia pembeni, nikanywa maji.

Akapakua mwenyewe. Alipofunua hotpoti akaiona firigisi. Nikaichukua kwa kijiko, nikaiweka kwenye sahani yake.

Akaigeuza kwa kijiko.

"Mama, hizi zinauzwa hapo chini kwa bucha. Nusu kilo, nyingi. Mimi huzikaanga na vitunguu."

"Unakula?"

"Nimekula miaka mingi tu. Si firigisi nilikuwa nataka."

Nikamuuliza alitaka nini. Akasema nilimwambia yeye ni mgeni. Akasema amelala kwenye kile kiti cha hospitali, amesimamia paa, amesimamia banda, na siku zote alidhani anafanya nyumbani kwao. Alitaka tu nimwambie hapo ni kwao. Alisema bila kulia, kama anayesoma kitu kilichoandikwa.

Sasa hapo ndipo ningesema. Maneno yenyewe ni matatu. Lakini nitasema ukweli, hayakutoka. Mtu wa umri wangu ana maneno ambayo hajawahi kuyasikia yakisemwa na yeyote, si kwa mama yake, si kwa shangazi, na mdomo haujui yanaanzia wapi. Nikasema kuku wamepunguza kutaga kwa sababu ya baridi. Akasema, ehe. Tukala. Firigisi aliila kama alivyokula vipande vingine, katikati tu ya chakula. Akaniitia gari, akanishusha kwa lifti akinishika mkono, na mkono ule alinishika kama mtu anayemsaidia mama wa mtu mwingine kuvuka barabara.

Siku nne sikulala vizuri wala sikula vizuri. Siku ya tano, asubuhi, nilimpigia yule wa Arabuni, halafu yule wa Eldoret. Niliwaambia hii nyumba ya Jamhuri ni kwa dada yao, nikiwepo na nikiwa sipo, na ambaye ana maneno ayalete mapema wakati masikio yangu bado yanafanya kazi. Wa Arabuni akasema sawa Mama, sisi tulijua hivyo zamani. Wa Eldoret akasema tutaongea. Mpaka leo hatujaongea.

Ndipo nikampigia yeye, nikiwa nimesimama uani, kuku wananizunguka miguuni. Sikumsalimia hata.

"Hapa ni kwenu," nikasema. "Si kule utakakoenda. Hapa."

Nikadhani simu imekatika, nikaitoa sikioni kuiangalia.

"Mama," akasema, "umekula?"

"Nimekula."

"Haya."

Ndiyo hayo tu. Nilikaa na hiyo haya siku nyingi, nikiigeuza upande huu na upande ule.

Alikuja Jumatano, mchana, bila kupiga simu. Nilisikia lango, nikadhani ni mteja. Akaingia na viatu vyake, akanipita jikoni, akafunua sufuria akatazama ndani. Ilikuwa sukuma wiki tu. Akachukua kipande kwa vidole akala, akasema haina chumvi. Mimi nikatoka mbio hadi uani, nikamkamata kuku wa kwanza aliyepita, mtagaji mzuri kabisa. Nilikuwa tayari nimemfunga mabawa kwa mkono wangu, natafuta kisu kwa macho, ndipo nikajiuliza ninamchinjia nani. Humchinjii kuku mtu wa nyumbani akirudi kutoka kazini. Mzee wangu alirudi jioni elfu kadhaa na akala kilichokuwepo. Nikamwachilia kuku. Alijikung'uta, akaenda akiguna.

Tulikula sukuma na ugali, nikaongeza mayai mawili ya kukaanga, moja lake, moja langu. Hatukuongea mambo makubwa. Aliniambia bosi wake mpya anavaa soksi za rangi mbili. Baada ya kula alijilaza kwenye kochi na nguo zake za ofisi, akalala saa nzima na mdomo wazi, na mimi nikakaa pale nikishona kifungo ambacho hakikuwa kimelegea. Alipoamka akaosha vyombo, akachukua mayai kumi na mbili kwenye trei bila kuuliza, akasema naenda, Mama.

Nilitaka kumuuliza atakuja lini. Nikajizuia. Mgeni ndiye anayeulizwa atarudi lini, mtu wa nyumbani anaulizwa akichelewa. Sasa hii ni wiki ya tatu, lango liko kimya, na bado sijajua kama huku ni kuchelewa.